Mgeni Rasmi wa Harusi ya Lusubilo

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, na wewe unayesoma usinisaidie. Tuiite Makofi, tumalize ubishi. Makofi ni nchi ya furaha. Si mimi ninayesema hivyo, ni katiba yao, ibara ya kwanza, na chini yake imeandikwa adhabu ya mwenye maoni tofauti.

Huko Makofi mtu akisimika nguzo nne na kutandaza turubai juu yake, tayari amefanya jambo la taifa. Chini ya mti kaa utakavyo, kula ugali wako, gombana na mkeo. Lakini chini ya turubai hakuna harusi, hakuna ubatizo, hakuna hata mkutano wa chama cha wafuga nyuki unaoweza kuanza kabla mgeni rasmi hajaketi. Yeye ndiye anayefungua. Asipofika, shughuli haijaanza, na shughuli ambayo haijaanza haiwezi kwisha, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuondoka. Sheria hiyo ilipitishwa na wabunge wote kwa sauti moja, siku ambayo spika alikuwa amefunga milango na kuweka ufunguo soksini.

Wageni kutoka nje wakisikia habari hizi hushika vichwa. Wenyeji wala! Wao wanagombania. Ukimpata diwani kwenye shughuli yako, umejitahidi. Ukimpata mkuu wa wilaya, majirani watakuamkia kwa kuinama. Ukimpata waziri, basi jamani, hata mbwa wako atabweka kwa madaha.

Mwalimu Ambokile, mkuu wa shule mstaafu, mtu wa tai hata akienda kunyoa, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Lusubilo. Alikaa mji mkuu, lakini harusi ilibidi iende Kandeto, kijiji alichozaliwa, kwa sababu moja tu. Mama yake, Bibi Tusajigwe, mwenye miaka themanini na saba, alikuwa huko na hawezi tena kusafirishwa. Daktari alimweka mwalimu pembeni akamwambia moyo wa mama umechoka, hesabu majuma, usihesabu miezi.

Bibi mwenyewe alijua. Alimwita mwanawe akamwambia, "Ambokile, baba, mimi nimebakiza kitu kimoja. Nataka nimwone mke mwenzangu Lusubilo akiolewa, mbele ya macho haya. Na muziki uwe wa watu. Sitaki masanduku meusi yanayopiga kelele. Nataka wanaume wanaotoka jasho wakipiga."

"Utaona, mama," alisema Mwalimu, na siku ile alikuwa anasema kweli.

*

Kamati ya harusi ilikuwa na wajumbe kumi na tisa. Kikao cha kwanza kilifanyika sebuleni kwa Mwalimu, na ajenda ya pili ilikuwa turubai.

Lusubilo, ingawa kwa desturi bibi harusi hana kauli kwenye kamati, alipita na chai akasema alichokuwa nacho. "Baba, kwa nini tuweke turubai? Kiwanja cha bibi kina kivuli cha miparachichi. Mchungaji aje, atufungishe ndoa, bendi ipige, bibi aone. Bila turubai hatuhitaji mgeni rasmi."

Wajumbe waliangalia vikombe vyao kama vile binti amewavulia nguo.

"Harusi bila turubai?" Mwalimu aliuliza. "Nikuoze kama ninayeuza mbuzi mnadani? Mimi, niliyekuwa mkuu wa shule miaka ishirini na mbili?"

"Ni kwa ajili ya bibi, baba."

"Na bibi ndiye anayestahili turubai! Tena si turubai tu." Hapo akavuta pumzi, akatoa barua mfukoni. "Wajumbe, nimepata waziri."

Loo! Vigelegele vilivyotoka pale sebuleni vilifika kwa jirani, na jirani, ambaye mwaka jana alimpata diwani tu, hakula chakula cha jioni. Waziri mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Daktari Zefania Kilongola, Waziri wa Furaha na Mikusanyiko. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, alijitunuku mwenyewe baada ya kujishawishi kwa muda mrefu.

Mke wa Mwalimu, Mama Lusubilo, alisubiri wajumbe waondoke. "Baba Lusubilo," alisema, "mawaziri wana shughuli nyingi. Akichelewa je, na mama yule alivyo?"

"Waziri achelewe? Kwangu? Wewe nunua tu mchele."

*

Wiki moja kabla ya harusi, wizara ilimtuma Kandeto afisa itifaki, Bwana Kandidus Mpepo, kijana mwembamba mwenye kalamu tano kifuani. Alipima turubai. Alipima umbali kati ya kiti cha mgeni rasmi na choo. Aliagiza miparachichi ikatwe kwa sababu ilikuwa mirefu kuliko turubai, na ilikatwa.

Kisha akaita bendi. Walikuwa wazee sita wenye magitaa, ngoma na saksafoni, na kiongozi wao, mpuliza saksafoni, aliitwa Mzee Tindwa. Walipiga. Bibi Tusajigwe alikuwa kibarazani, akaanza kucheza kwa mabega tu, kwa kuwa miguu ilishakataa.

"Huu wimbo maneno yake yako wapi?" aliuliza afisa.

"Hauna maneno, mheshimiwa. Ni saksafoni."

"Wimbo usio na maneno utapitishwaje? Leteni maneno kwa maandishi, nakala tatu."

Mzee Tindwa akakaa chini, akaandika kurasa mbili za *paa-paa-pararaa*. Bwana Mpepo alizisoma kwa makini, akakata *paa* moja ya katikati kwa wino mwekundu, akasema ile ilikuwa na dharau. Akagonga mhuri, akamkabidhi Mwalimu karatasi kubwa ya kijani iliyoandikwa KIBALI CHA FURAHA. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Aliitia kwenye fremu.

*

Jumamosi ya harusi ikafika. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi. Bibi Tusajigwe aliamka alfajiri, akaogeshwa, akavishwa gauni la zambarau na kilemba, akaketishwa mstari wa mbele. Bwana harusi, Gwamaka, alikwenda kumwamkia kwa kupiga goti.

"Mume wangu," bibi akamtania, "umependeza. Ukichoka na huyo mtoto, mimi nipo."

Watu walicheka hadi machozi. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Bendi ilipiga mfululizo, kwa sababu kanuni inasema mgeni rasmi asikute kimya. Askari wanne walifunga njia ya kutokea, kwa usalama wa furaha. Chakula kilipoa, kikapashwa, kikapoa. Ilipofika jioni Bwana Mpepo alitangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani, na ni kweli, sote tuko njiani. Wageni mia tatu wakalala kwenye viti.

Jumapili asubuhi midomo ya bibi ilikuwa imebadilika rangi. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Ambokile," alisema, "huyo mgeni wenu hana kwao?"

Mwalimu akapiga moyo konde akamwendea afisa itifaki.

"Bwana afisa, naomba dakika tano tu. Mchungaji awafungishe ndoa vijana, mama yangu aone. Mheshimiwa akifika tutaanza upya, tutafanya kama hatujafanya."

Bwana Mpepo alimtazama kwa huruma ya kiofisi. "Mwalimu, mtu msomi kama wewe. Ukianza kabla yake unakuwa umemwambia kwamba amechelewa. Waziri hachelewi. Ni shughuli ndiyo imewahi. Na kuwahisha shughuli ni miaka sita."

Mwalimu akarudi akiwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya jiko Lusubilo alikuwa anamsubiri, shela amelishika mkononi, na Gwamaka na mchungaji wako naye.

"Baba, mchungaji amekubali. Tumbebe bibi tumlete hapa jikoni, hakuna turubai hapa. Atufungishe kwa kunong'ona. Hakuna atakayejua."

"Mimi niko tayari," alisema mchungaji, mtu mzee asiye na maneno mengi. "Namwona yule mama. Tusichelewe."

Sasa hapa, msomaji, ndipo ningependa kukuambia kwamba Mwalimu aliogopa jela. Aliogopa, ndiyo. Lakini niseme ukweli wote, hata kama ataniona mbaya. Mpiga picha alikuwa ameshalipwa. Ukutani kwake mjini palikuwa na nafasi aliyoipima mwenyewe kwa rula, juu ya televisheni, ya picha yake na waziri. Alimfikiria waziri akishuka kwenye gari, aambiwe harusi ilishafanyika jikoni karibu na masufuria.

"Tusubiri kidogo," alisema. "Mama ana nguvu zake. Saa moja tu."

"Baba, nakuomba."

"Nimesema saa moja, Lusubilo!"

Saa sita kasoro kidogo, bendi ikipiga ule wimbo uliokatwa *paa* moja, Bibi Tusajigwe aliinua mabega mara mbili kwa mdundo. Mara ya tatu hayakuinuka. Mama Lusubilo alikuwa amemshika mkono. Aliita, "Mama? Mama!" halafu akaachia yowe ambalo lilisimamisha bendi.

Askari wakaja mbio. Bwana Mpepo akaja nyuma yao na kile kibali kwenye fremu.

"Kuna nini hapa?"

"Mama yangu amefariki," alisema Mwalimu.

"Hapana," alisema Bwana Mpepo.

"Bwana afisa, amekata roho. Mguse."

"Mwalimu, nisomee hapa. Kibali cha nini? Cha furaha. Msiba una fomu yake, F-9, na inaombwa siku ishirini na moja kabla ya tukio. Mliomba?" Aligeukia watu. "Mliomba? Basi hakuna msiba. Kuna vilio navisikia kule nyuma. Kulia chini ya Kibali cha Furaha ni hujuma. Nitahesabu hadi kumi."

Alianza kuhesabu. Alipofika saba, Mama Lusubilo alilivunja yowe lake katikati ya pumzi, akaligeuza kigelegele. Wanawake wengine wakafuata. Walipiga vigelegele wakiwa wamefumba macho, machozi yanawachuruzika hadi shingoni, na Bwana Mpepo akaandika kwenye daftari lake kwamba furaha imerejea saa sita na dakika nne. Mzee Tindwa alikataa kupuliza. Askari alimsogelea. Akapuliza.

Kiti cha mstari wa mbele hakiruhusiwi kuwa wazi. Kwa hiyo bibi alibaki pale pale. Wakamfunga kiunoni na kitenge kwenye mgongo wa kiti, wakamvisha miwani ya jua ya mpiga picha. Lusubilo aliketi kando yake na ratiba ya shughuli mkononi, akafukuza nzi.

*

Mheshimiwa Daktari Kilongola aliwasili Jumatatu saa tano, akiwa na magari kumi na moja. Mawili yalikuwa ya kwake, mengine yalikuwa yanampigia makofi.

"Nimewahi kuliko nilivyotarajia," alisema, na watu wakashangilia, maana askari walikuwa wameshika fimbo.

Hotuba ilikuwa ya saa tatu. Alieleza jinsi furaha ya wananchi ilivyopanda hadi asilimia mia moja na nne, na kwamba zile nne za ziada zitauzwa nje. Alieleza historia ya turubai. Alieleza ujana wake. Jua lilikuwa kali. Mtu mmoja alizirai, akaamshwa, akaonywa. Wengine walikohoa, wakapiga miayo, wakajikuna. Waziri aliyaona yote hayo na uso ukaanza kukunjamana, mpaka macho yake yalipotua mstari wa mbele.

Alinyamaza. Akashuka jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ilimtetemeka kweli, "mmemwona mama huyu? Tangu nianze hajakohoa. Hajaangalia saa. Hajauliza swali. Mgongo wima kabisa! Nimehutubia nchi hii miaka kumi na sita na sijapata kusikilizwa namna hii. Raia wa namna hii ndio tunaowataka."

Bwana Mpepo alikuwa amegeuka rangi ya majivu, lakini aliwahi kupiga makofi. Msaidizi alileta kisanduku, na humo mkatoka Nishani ya Usikivu Daraja la Kwanza. Waziri aliinama akaichomeka kifuani pa Bibi Tusajigwe. Akamshika mkono.

"Mikono ya baridi! Hizi ndizo faida za hewa safi ya kijijini."

Kisha akamwekea kipaza sauti mdomoni. "Mama, tuambie neno."

Watu mia tatu hawakupumua. Mwalimu Ambokile alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, tai imenyooka, na kila kitu ndani yake kilikuwa kinapiga kelele aseme. Mama yangu amekufa. Maneno matatu tu. Lusubilo alimtazama, hakuyaondoa macho yake kwake. Mwalimu akamgeukia mpiga picha.

Waziri alitega sikio, akaitikia kwa kichwa, akainuka. "Anasema ameridhika. Barabara ni nzuri na hana dai lolote."

Makofi! Mpiga picha akamvuta Mwalimu, akamweka katikati ya waziri na mama yake, akasema tabasamu, naye akatabasamu. Halafu waziri akapewa mkasi, akakata utepe uliofungwa kati ya bibi harusi na bwana harusi, akatamka kwamba harusi imefunguliwa rasmi, akaondoka kwenda kwenye harusi nyingine iliyokuwa inamsubiri tangu Alhamisi.

Vumbi la magari lilipotulia, mchungaji aliwaita Lusubilo na Gwamaka jikoni, akawafungisha ndoa. Ilichukua dakika nne. Mchana ule ule walimzika bibi kando ya visiki vya miparachichi, bendi ikipiga, maana kibali kilikuwa bado hakijaisha muda. Lusubilo alipanda gari na mumewe. Baba yake alinyoosha mkono kumuaga. Binti alipandisha kioo.

*

Siku ya tatu Mwalimu alikwenda wilayani kuandikisha kifo. Karani alimwuliza tarehe.

"Jumapili, saa sita mchana."

Karani alifungua jalada, akalifunga, akatoka, akarudi na Bwana Mpepo.

"Mwalimu," alisema Bwana Mpepo kwa upole, "Jumatatu marehemu wako alipewa nishani. Gazeti la serikali limemtoa ukurasa wa kwanza. Ukisema alikufa Jumapili, unasema Mheshimiwa alimvisha maiti nishani na kuzungumza nayo. Unasema hivyo?"

"Sisemi hivyo."

"Kwa hiyo yu hai. Tia sahihi."

Mwalimu alitia sahihi, mwandiko mzuri wa mwalimu, kwamba mama yake Tusajigwe yu hai, ana afya njema na anasikiliza.

Na kwa kuwa yu hai na ana nishani daraja la kwanza, sheria ya itifaki ilimtambua. Mwenye nishani hiyo anastahili kuwa mgeni rasmi popote wilayani. Barua zilianza kuja baada ya miezi miwili. Ofisi ya wilaya ilikuwa inapokea maombi ya watu waliokosa waziri, inawapangia Bibi Tusajigwe, inagonga mhuri.

Mtu wa kwanza kuja mwenyewe alikuwa mkulima wa kahawa kutoka bonde la pili, aitwaye Asegelile. Alimkuta Mwalimu amekaa kibarazani Kandeto, ambako alikuwa amehamia, maana mjini hakuna aliyekuwa anamsemesha. Asegelile alivua kofia, akasalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kukusumbua. Mwanangu anaoa Jumamosi hii. Turubai limeshafika, bendi imeshafika. Wilaya imetupangia mama yako awe mgeni rasmi, na kwetu hiyo ni heshima ambayo hatukuitegemea." Alisita, akaizungusha kofia mikononi. "Nimekuja kwa jambo moja tu. Mke wangu ni mgonjwa. Tumbo, limemmaliza. Daktari anasema hafiki mwisho wa mwezi. Anachosubiri ni hiyo ndoa tu. Sasa nilitaka kuuliza, mzazi kwa mzazi. Mama atafika kwa wakati? Maana asipofika, nitaliondoa turubai leo hii, vijana wafungishwe uani, yaishe."

Mwalimu Ambokile alimtazama yule mtu. Kule chini, kando ya visiki, udongo ulikuwa bado haujashikana. Alifungua mdomo. Kwenye njia, mbele ya lango, alisimama askari wa wilaya aliyemsindikiza Asegelile, akiwa ameegemea baiskeli yake na kutega sikio.

"Atafika," alisema Mwalimu.

"Kwa wakati?"

"Yeye hachelewi. Endeleeni na turubai."

Asegelile alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru, akashukuru tena, macho yamemlengalenga. Akavaa kofia na kuteremka mbio kwenda kumwambia mkewe.